Namna ya Kuwa Shujaa wa Barafu kwa Jasho Kidogo

Kufika kazini kwa baiskeli mwezi Januari, nje nyuzi 20 chini ya sifuri, ni sifa kubwa. Kuendesha kwenyewe ni mateso. Kazi yetu leo, ndugu yangu, ni kutenganisha sifa na mateso.

1. Chagua mji vizuri. Usiende Oulu. Huko kaskazini mwa Finland theluji ya njia za baiskeli hushindiliwa mpaka iwe ngumu, watoto huendesha wenyewe kwenda shule, na bibi mwenye kikapu cha mboga atakupita bila hata kugonga kengele. Baadhi yao hawana tairi la njumu za chuma na wala hawalihitaji. Mkutano wa kimataifa wa waendesha baiskeli wa majira ya baridi ulianzia huko mwaka 2013, nani atakushangaa? Nenda Minneapolis, Marekani. Baridi ni ya kutosha, na ofisini kwako karibu wote wanakuja na magari. Shujaa anahitaji watu wa magari.

2. Nunua matairi. Tairi la njumu lina vijino vya chuma vilivyopachikwa kwenye kashata zake ili ving'ate barafu. Lile la Kifini liitwalo Hakkapeliitta W106 lina njumu 106. Ndugu yake W240 lina 240. Chukua la 240, maana hakuna atakayekuuliza umeendesha wapi, watakuuliza zipo ngapi. Hakikisha ncha zake ni za tungsteni kabaidi. Chuma cha kawaida kikisuguliwa na lami kavu huisha upesi, kabaidi hudumu misimu kadhaa. Wewe hutasugua chochote, lakini kabaidi itakufaa siku ya kuuza.

Mfuko ukiwa umetoboka, nunua moja tu ulifunge mbele. Hapa sitanii. Gurudumu la nyuma likiteleza unapata nafasi ya kujiweka sawa. La mbele likiteleza umeshalala chini kabla hujamwita mama yako. Isitoshe, watu hukutazama ukija. Ukiondoka wameshageuka.

3. Yazoeze matairi. Watengenezaji hushauri tairi jipya liendeshwe taratibu kwenye lami kwa kilomita kama 40, bila kuondoka kwa kasi wala kukaba breki ghafla, ili njumu zikae sawasawa kwenye mpira. Katika karatasi nzima ya maelekezo hakuna kifungu kitamu kama hiki. Mwenzako akikuuliza, "Jana barafu ilijaa, mbona ulikuja na gari?" mjibu kwa upole wa fundi: "Bado nayazoeza." Kilomita 40, zikiendeshwa na mtu mwenye subira, zinaweza kukufikisha Machi.

4. Tafuta lami kavu. Juu ya barafu njumu hung'ata kimyakimya. Kwenye lami kavu hulia kama samaki aliyetumbukizwa kwenye mafuta ya moto. Basi pita mahali pakavu penye watu, wageuke. Punguza upepo kidogo, usishuke chini ya kipimo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi: tairi likilegea, njumu nyingi zaidi hugusa barabara na kelele huongezeka. (Ndivyo hufanywa pia kwenye barafu ya kweli, lakini huko utakuwa na nani?)

Jihadhari na asubuhi moja tu: ile ambayo theluji iliyeyuka jana mchana, maji yakaganda usiku, na lami inaonekana imelowa tu kumbe ni kioo kitupu. Asubuhi hiyo watembea kwa miguu wanaanguka na magari yanajipinda, wewe unapita kana kwamba hakuna kitu. Unafika mzima, mkavu, huna hata hadithi. Ni hasara tupu.

5. Panda basi. Huu ndio moyo wa mwongozo wangu, kwa hiyo soma polepole. Mabasi ya Minneapolis yana kibebeo cha baiskeli mbele, nje kabisa, kwenye upepo na tope la chumvi. Pandisha baiskeli hapo, wewe kaa ndani kwenye joto. Dereva atakuchafulia baiskeli kwa ustadi ambao miguu yako isingeuweza. Shuka kituo kimoja kabla ya ofisi. Ukiwa bado kituoni, pumulia kwenye skafu mpaka iote barafu, jipake theluji kidogo kwenye helmeti, kisha endesha ule mtaa mmoja uliobaki huku ukihema.

Akitokea mjuaji aliyekuona ndani ya basi, mweleze kwamba njumu hazisaidii kwenye theluji nene iliyo laini, kwa sababu hazifiki kwenye kitu kigumu cha kung'ata. Ni kweli mtupu, na ukweli ukisemwa kwa wakati wake ni kinga nzuri. Akisema Midtown Greenway, ile njia ya baiskeli ya kilomita kama 9 inayopita kwenye korongo la reli ya zamani, ilikuwa imeshasafishwa tangu alfajiri, tazama saa yako na uondoke.

6. Ukifika mlangoni, shuka. Hata ukisahau mengine yote, hili lishike. Chuma juu ya marumaru iliyopigwa msasa hakina urafiki na mtu, na itakuwa aibu kuvuka mji mzima (kwa basi) ukaja kuanguka mbele ya meza ya mapokezi. Beba baiskeli begani. Utaokoa sakafu, tena utapendeza.

7. Piga picha moja ya karibu, njumu zionekane, uitume kwenye kundi la ukoo. Mama atakuombea. Shangazi ataandika "simba wetu!" Wa kuogopwa ni baba mdogo wa Tabora, ambaye amebeba magunia ya mkaa kwa baiskeli tangu hujazaliwa. Atauliza bei. Usimwambie, kwa sababu pea hiyo ya matairi ingemnunulia baiskeli nzima na madigadi yake. Mjibu, "Shikamoo, baba mdogo," kisha ulalamike kwamba mtandao unasumbua.

8. Aprili, fungua matairi na uyaweke. Usiyauze wakati huo, maua yamechanua na hakuna anayekumbuka kuteleza. Subiri Oktoba, baridi ya kwanza ikianza kuuma masikio, ndipo utangaze: yametumika msimu mzima, njumu zote zipo. Mnunuzi akiyageuza mkononi na kushangaa kwamba zinang'aa kama za dukani, mwambie ni kabaidi.