Sifa za Homa ya Chanjo

Homa ya chanjo haina mtetezi. Mtoto wa Saadani akichomwa penta asubuhi zahanatini, usiku halali, paja linavimba, na bibi anauliza mjukuu wake wamemchoma nini. Mimi naisifu homa hiyo, kuanzia na usiku wenyewe.

Penta, ambayo Tanzania ilianza kuitoa mwaka 2009 na ambayo watoto huchomwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14, ina bakteria wazima wa kifaduro waliouawa. Wamekufa, lakini utando wao wa nje bado umebeba mafuta yaliyounganishwa na sukari, yaani lipopolisakaraidi. Mwili wa binadamu hautengenezi kitu hicho, kwa hiyo seli za kinga zikikikuta hujua mara moja kuwa mgeni ameingia. Humwaga kemikali za kuita nyingine, paja likavimba. Kemikali zikifika ubongoni, joto linapanda. Wakati mama anamkanda mtoto kwa kitambaa chenye maji, seli zilizookota vipande vya kifaduro zinaelekea kwenye tezi kuzifundisha zile zitakazomkumbuka adui. Mimi huo siuiti usumbufu, nauita kazi.

Richard Pfeiffer, mwanafunzi wa Robert Koch, ndiye aliyeipa sumu hii ya bakteria, ile lipopolisakaraidi, jina la endotoksini, mwaka 1892. Koch mwenyewe alikuja Dar es Salaam mwaka 1897 kuchunguza malaria. Kipokezi kinachoitambua, TLR4, kilijulikana baadaye sana: Bruce Beutler alikibaini mwaka 1998, akapata Nobel mwaka 2011.

Sumu ya Pfeiffer na malaria ya Koch zikakutana Bagamoyo. Kati ya 2009 na 2014 kituo cha Taasisi ya Afya Ifakara huko kilikuwa miongoni mwa vituo 11, katika nchi 7 za Afrika, vilivyoijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kwa watoto zaidi ya 15,000. Ndani ya chanjo hiyo mna kipande cha lipopolisakaraidi ya salmonela kilichopunguzwa fosfeti moja: ukali wake umeshuka sana, uwezo wa kuiamsha kinga umebaki. Watoto waliochomwa kuanzia miezi 5 hadi 17, wakapata dozi nne, visa vyao vya malaria vilipungua kwa takriban asilimia 36 katika miaka kama minne. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2021.

Homa ilikuwepo huko pia, na wachache walipata degedege. Hilo mzazi aambiwe kabla ya sindano, kwa utulivu na kwa ukweli, kwa sababu asiyeambiwa ndiye anayeificha kadi ya kliniki wiki ya 10 inapofika, na dozi moja haitoshi kuzuia kifaduro.

Ila hii ni pwani ya mbu. Homa ikivuka siku mbili, au mtoto akikataa kunyonya, apelekwe akapimwe malaria. Homa ya namna hiyo siisifu.