Namna ya Kukosa Chuo kwa Heshima

Umehama shule tatu, ya nne ukaiaga mwenyewe, na kidato cha sita umekisomea sebuleni kwa dada yako Mbagala huku jirani akikutandika singeli. Sasa unataka chuo kikuu. Hatari iliyopo ni kwamba unaweza kukipata. Sogea karibu nikuonyeshe namna ya kukikosa bila mtu kukulaumu.

1. Ficha herufi yako. Namba ya mtihani ya mtahiniwa wa shule huanza na S. Yako, mtahiniwa wa kujitegemea, inaanza na P. Ione haya kama kiraka cha suruali. Ukiulizwa ulisoma wapi, taja ile shule ya pili, yenye basi la njano. Ulikaa muhula mmoja, lakini sweta bado unalo. Kwenye fomu, futa P uweke S. Mfumo utavuta matokeo ya Baraza la Mitihani (NECTA) na kukuletea jina la binti wa Bukoba mwenye divisheni wani. Angalau umefahamiana na mtu.

2. Kila shule ipe jina lake. Ya kwanza ikujue kama Juma Hamisi, ya pili Juma H. Salum, na cheti cha kidato cha sita kisome Jumaa, kwa a mbili, maana siku ya kujisajili ulikuwa na haraka. Ukiomba mkopo wa Bodi ya Mikopo (HESLB), cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi, na kwenye maombi hayo ndiko majina yako matatu yatakapokutana kwa mara ya kwanza. Usiende kwa mwanasheria mapema kuapa kwamba yote ni yako. Nenda siku ya mwisho, saa kumi na nusu jioni.

3. Usihesabu pointi. Hesabu yenyewe ni ya kitoto: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Kwa kozi nyingi, mlango wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ni masomo mawili yanayoihusu kozi, jumla pointi 4. D mbili zinatosha kubisha hodi. Wewe una D ya Historia na D ya Kiswahili, kwa hiyo omba udaktari. Wakikwambia wanataka Fizikia, Kemia na Baiolojia, tikisa kichwa kwa huzuni useme, "Nchi hii bila kujuana!"

4. Kama mama alikufundisha nyumbani kwa mtaala wa Cambridge, usipeleke vyeti NECTA vikalinganishwe na vya hapa. Cheti kina Kiingereza kizuri, kitajieleza chenyewe.

5. Andika historia ya maisha yako. Hapa usibane wino. Eleza kwa nini ulihama kila shule, mwalimu yupi alikuonea, na jinsi ulivyosoma kwa kibatari, hata kama sebule ya dada ina umeme wa Luku. Jaza kurasa sita. Mfumo wa maombi hauna sehemu ya kuiweka historia hiyo, basi ipeleke masijala kwa mkono wako. Karani ataigonga muhuri bila kuisoma. Piga picha muhuri, weka stetasi: "Mambo yanaenda." Wakati huo huo dirisha la maombi litafungwa, nawe una ushahidi kwamba ulihangaika.

6. Tafuta mtu wa ndani. TCU imeshasema mwombaji atume maombi mwenyewe, moja kwa moja chuoni. Hao hawajui wewe ni nani. Mpe kishoka pesa na nenosiri, na pale palipoandikwa namba ya simu ajaze yake. Bahati mbaya ukichaguliwa vyuo viwili, ujumbe wenye namba ya siri ya kuthibitisha utaingia kwenye simu ya kishoka, na simu ya kishoka mwezi huo huwa haipatikani.

7. Ukishakosa, usiulizie Chuo Kikuu Huria. Kilianzishwa 1992, kinafundisha watu wanaosomea majumbani kwao, na kina kozi ya awali kwa waliopungukiwa pointi. Ukijua habari hizo utaharibu kazi yote tuliyofanya.

Wapo wavivu wasioweza mwongozo mrefu kama huu. Hao hujaza namba yao ilivyo, na P yake. Hutumia jina moja kwenye vyeti vyote, au huapa mapema pale linapotofautiana. Huomba kozi inayolingana na masomo waliyofaulu. Hufungua ujumbe wao kwa simu yao. Halafu Oktoba unawaona wamebeba magodoro wakielekea hosteli, na hakuna aliyewauliza walihama shule mara ngapi.