Waifai Imekatika Tena? Tiba Nane, Kutoka ya Mkiani Hadi Bingwa

Mkutano umeshika kasi, zamu yako ya kuongea imefika, halafu waifai ya laptopu inaondoka bila kuaga. Kabla hujamlaani yeyote, shika simu. Kama nayo imekatika, mshitakiwa ni ruta au kampuni inayokuuzia intaneti. Kama simu inaperuzi raha mustarehe huku laptopu imenuna, mshitakiwa umempakata mwenyewe. Hizi hapa tiba nane. Alama nimetoa mimi, kelele ruksa.

8. Kuizungusha laptopu kama antena ya TV
Unakumbuka enzi za kumpandisha mtoto juu ya bati? "Imekuja?" "Bado! Hapohapo, usitoke!" Mchezo ni uleule, na usiucheke. Antena za laptopu nyingi zimefichwa kwenye fremu ya kioo, na wimbi la 2.4 GHz lina urefu wa sentimita 12 hivi, kwa hiyo kusogea shubiri moja tu kunaweza kubadili hali.
*Hukumu: 2/10. Inafaa kwa fainali ya mpira, si kwa ripoti ya mwezi.*

7. Kuzima na kuwasha
Tiba ya taifa. Lakini ina kituko chake: kwenye Windows yenye Fast Startup, ukichagua Shut down mfumo haufi, unalala tu, na kesho unaamka na matatizo ya jana. Restart ndiyo inayouanzisha upya kweli. Kwa hiyo anayezima hajazima, na anayewasha upya ndiye aliyezima!
*Hukumu: 4/10. Ukiitumia, tumia Restart. La sivyo umembembeleza mgonjwa alale.*

6. Kuchomoa ruta
Chomoa, hesabu hadi 30, chomeka, ngoja taa zitulie. Ruta nayo ni kompyuta ndogo, huelemewa. Mara moja kwa mwezi, sawa. Lakini kama unaichomoa kutwa mara tatu baada ya chakula, hiyo imeshakuwa dozi.
*Hukumu: 5/10. Maumivu yanatulia, ugonjwa uko palepale.*

5. Talaka rejea
Iambie laptopu iusahau mtandao wa nyumbani, kisha iunganishe upya kwa neno la siri. Inafaa hasa pale mipangilio ya ruta ilipobadilishwa huku laptopu imeng'ang'ania kumbukumbu za zamani. Ila hakikisha neno la siri unalijua kabla ya kutoa talaka. Wapo wanaoachana saa tatu usiku, kumbe mwenye kulijua yuko safarini.
*Hukumu: 5.5/10. Nusu nimeiongeza kwa sababu kurejeana huku hakudai mahari mpya.*

4. Kuihamisha ruta
Fimbo ya mbali haiui nyoka. Kuta nene za mawe ya matumbawe za Mji Mkongwe wa Zanzibar zina ubaridi mtamu, lakini mawimbi ya redio yakizifikia yanaishiwa pumzi. Bati, kioo cha kujitazamia na tangi la maji nazo zimo kwenye genge hilo. Mfalme wa vituko ni maikrowevu: inapasha ubwabwa kwa mawimbi ya takriban 2.45 GHz, mlango kwa mlango na waifai ya 2.4 GHz. Kama mtandao unakatika kila mtu anapopasha kiporo, mwizi umeshamjua. Weka ruta juu, katikati ya nyumba, na kamwe si nyuma ya friji.
*Hukumu: 6.5/10. Ni bure, ila andaa waya mrefu.*

3. Kuhamia 5 GHz
Hapa ndipo ugomvi unapoanza. 2.4 GHz ni daladala ya saa moja asubuhi: inafika mbali, lakini imejaza hadi mlangoni. Njia zake zisizoingiliana ni tatu tu kwa kawaida, yaani 1, 6 na 11, na humohumo zimebanana ruta za majirani, spika za Bluetooth na hata kelele za diski za USB 3.0. 5 GHz ni bodaboda: ina kasi na njia tele, lakini ikikutana na kuta mbili imeishiwa mafuta. Ruta ikizipa zote jina moja, laptopu inaweza kurukaruka kati yake na kuanguka njiani. Zipe majina tofauti, uchague mwenyewe.
*Hukumu: 7.5/10. Mwenye nyumba ya vyumba kumi, najua unapinga. Wewe panda daladala.*

2. Draiva
Hii ni programu inayoiwezesha Windows kuongea na kadi ya waifai. Dereva akiwa amelewa, huhangaiki na matairi. Pakua toleo jipya kutoka tovuti ya waliotengeneza laptopu yako. Lakini kama balaa lilianza mara tu baada ya masasisho, fanya kinyume: mrudishe wa zamani kwa Roll Back Driver. Mpya si lazima awe bora. Waulize mashabiki waliobadilishiwa kocha katikati ya msimu.
*Hukumu: 8.5/10. Kwenye mwaka mwingine, angebeba kombe.*

1. Tiki moja tu
Kikulacho ki nguoni mwako. Ili kuokoa betri, Windows ina ruhusa ya kuizima kadi ya waifai, nawe ukalaumu mnara. Bofya kulia kitufe cha Start, fungua Device Manager, kisha Network adapters, ingia kwenye sifa za kadi yako, na chini ya Power Management ondoa tiki inayoruhusu kompyuta kukizima kifaa. Dalili ya wazi ni hii: kwenye chaja mtandao umetulia, kwenye betri unakatika. Baadhi ya laptopu mpya hazina sehemu hiyo. Kama yako ni mojawapo, rudi namba 2.
*Hukumu: 9.5/10. Nusu nimeinyima kwa sababu ukiweka draiva upya, tiki inaweza kurudi kimyakimya.*

Nje ya mashindano: fundi
Uko mita moja kutoka kwenye ruta na bado nguvu ni kijiti kimoja? Waya mbili nyembamba, mara nyingi nyeusi na nyeupe, hutoka kwenye kadi na kupita kwenye bawaba hadi kwenye fremu ya kioo. Laptopu iliyowahi kufunguliwa inaweza kuwa imeachwa na mmoja umechomoka. Fundi azikague hizo kabla hajakuuzia kadi mpya.

Bado unabisha? Safi, ila njoo na ushahidi. Fungua Command Prompt kwa mamlaka ya msimamizi, andika netsh wlan show wlanreport. Windows itakupa ripoti ya siku 3 zilizopita: saa uliyounganishwa, saa uliyokatika, na sababu. Ikionyesha kwamba tangu upande juu ya kiti hujakatika hata mara moja, namba 8 naipandisha cheo leoleo.