Mjane Juu ya Matofali Yetu

Kiinua mgongo cha Baba kilipoingia benki, nyumba yetu ya Tabata ilijaa washauri. Shemeji alitaka inunuliwe Noah ya abiria. Kaka alisifia matikiti maji ya Mkuranga, na Shangazi akaja na hesabu za kuku wa mayai. Mama aliwasikiliza wote huku akichambua mchicha, kisha akasema: vyumba vya kupangisha. Gari linachakaa, kuku wanakufa kwa kideri, lakini watu wanaotafuta chumba Dar es Salaam hawajawahi kwisha. Baba akakubali.

Baba Mdogo akaleta dalali, dalali akaleta kiwanja. Kilikuwa Chanika, mita 20 kwa 20, jirani na barabara, bei shilingi 6,500,000. Muuzaji alikuwa kijana mpole mwenye karatasi ya mauziano iliyoandikwa jina la marehemu baba yake. Karatasi ilikuwa imelainika kwa kukunjwa, na mhuri wa mwenyekiti wa mtaa umefifia pembeni. Mama akaisoma mbele na nyuma.

"Mwanangu, mama yako yupo?"

"Yupo, mama. Yuko Kisarawe."

"Na ndugu zako?"

"Wale hawana shida."

Mama akamrudishia karatasi yake, akamwambia Baba kwa sauti ya chini wamwone kwanza huyo mama. Lakini dalali alikwisha kusema kuna mteja mwingine anakuja mchana na fedha taslimu, na Baba Mdogo alikwisha kuapa kwamba ukoo ule anaufahamu. Baba akatoa shilingi 4,000,000 siku hiyo hiyo. Wakaandikishana kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, salio likaahidiwa mwisho wa mwezi.

Lori lilishusha matofali jioni. Kesho yake asubuhi fundi akapiga simu: msingi hauchimbiki, kuna mama amekaa juu ya matofali na haondoki.

Tulimkuta amefunga kanga kiunoni, mabinti zake wawili wamesimama kando, mmoja amebeba mtoto mgongoni. Hakutukana mtu. Alisema, "Hapa ni kwa mume wangu. Nani kawauzia?" Baba akatoa karatasi ya mauziano, mkono unamtetemeka. Baba Mdogo akampigia dalali, simu haipatikani. Mama yangu hakujibizana na yeyote. Alivua viatu, akapanda, akakaa pembeni ya yule mama.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Sikuja kugombana. Nilimuuliza kijana habari zako, akaniambia huna shida."

Yule mama akamtazama kwa muda, akaanza kueleza. Mumewe alikuwa amefariki na hakuna aliyefungua mirathi. Kijana alizichukua karatasi kutoka sandukuni, na dada zake walipata habari kwa jirani aliyeliona lori.

Hapo ndipo tulipojifunza kwa uchungu somo ambalo kila anayeanza biashara hii anapaswa kulipata mapema. Mali ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mtoto kushika karatasi hakumpi mamlaka hayo. Na hata mume angekuwa hai, kama pale ndipo wanapoishi na mkewe, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia kuiuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mke. Mhuri wa mwenyekiti unathibitisha kwamba watu waliandikishana mbele yake. Haumfanyi muuzaji kuwa mwenye mali. Kiwanja chenye hati kinapekuliwa kwa Msajili wa Hati. Kiwanja ambacho hakijapimwa, kama chetu, kumbukumbu zake ziko vifuani mwa watu: mjane, watoto, majirani wa mipaka yote minne. Usipowauliza wao, hujauliza kitu.

Nyumbani hali ikachafuka. Baba akawa hali chakula na sisi. Baba Mdogo akakata mguu. Kaka alitaka kijana akamatwe mara moja. Mama akakataa: "Akilala ndani, milioni nne tutamdai nani? Na yule mama tutakuwa tumemzika mara ya pili." Akaomba kikao cha familia mbili, kikafanyika uani kwetu, juu ya mkeka, kuanzia asubuhi hadi adhuhuri.

Wakakubaliana mirathi ifunguliwe Mahakama ya Mwanzo. Ukoo wao ukaandaa muhtasari wa kikao na cheti cha kifo, mahakama ikabandika tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, na binti mkubwa akateuliwa kuwa msimamizi. Pikipiki aliyoinunua kijana kwa sehemu ya fedha zetu iliuzwa, fedha akakabidhiwa mama yake. Masika yalipita, majani yakaota kwenye matofali. Mwishowe salio la shilingi 2,500,000 lililipwa kwa msimamizi mbele ya wakili, mjane na warithi wote wakasaini, majirani wakatembea nasi kuonyesha mipaka. Kijana naye alisaini, akamshika Mama miguu.

Vyumba sita vya kwenye mchoro vikawa viwili, kwa sababu fedha ilikuwa imeliwa na nauli, wakili na kusubiri. Kila chumba kina mita yake ya umeme, maana mita moja ndiyo chanzo cha ugomvi katika nusu ya nyumba za kupanga ninazozijua. Kodi ya majengo, ambayo tangu 2021 inakatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU, Mama anawapunguzia wapangaji kwenye pango, kwa kuwa jengo ni letu. Chumba ni shilingi 60,000 kwa mwezi, kwa hiyo vyote viwili vinaleta 1,440,000 kwa mwaka. Ardhi na ujenzi vilikula kama milioni 14. Piga hesabu: karibu miaka 10 kabla fedha haijarudi, na hapo hujatoa matengenezo wala miezi chumba kinapokaa kitupu. Anayekwambia nyumba ya kupangisha inatajirisha haraka, muulize yeye anapata nini ukinunua.

Hata hivyo nawahimiza watu waanze. Pango limemtoa Baba kwenye kuwategemea watoto, na hilo kwa mzee lina thamani kubwa. Waanze na vyumba viwili kabla ya sita, na wasiharakishwe na mteja wa mchana ambaye hakuna aliyemwona. Fedha ya kiwanja ikae benki mpaka mjane awe ameulizwa, amejibu kwa kinywa chake mwenyewe, na amesaini.