Mpira Ukishavuka Kayaba

Katika mitaa ya zamani ya Nakuru, Bondeni, Kivumbini na Flamingo, nyumba zimekaribiana kiasi kwamba mpira wa makaratasi haupigwi shuti la maana bila kutua kwa mtu. Na hautui kwa mama anayekaanga mandazi, hata siku moja. Hutua kwa yule mzee ambaye kila mtaa umejaliwa, mwenye redio, fimbo, na mistari mitatu ya sukuma wiki anayoilinda kama mpaka wa nchi. Watoto hutazamana. Aliyepiga shuti anaapa si yeye, mwenye mpira anakumbuka ghafla kwamba ameitwa nyumbani, na mdogo kuliko wote ndiye anayesukumwa kwenye pengo la ua wa kayaba, achomwe na miiba kabla ya kuchomwa na maneno. Wazazi wengi huona hii ni kero tu, na wapo wanaotaka mzee aitwe kwa chifu. Kwa maoni yangu, wakimnyamazisha watakuwa wamemfuta kazi mwalimu asiyelipwa.

Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutumika kote nchini mwaka 2019, unataka watoto wawe na upendo, heshima, uwajibikaji na maadili mengine yanayokaririka vizuri sana darasani. Tatizo ni kwamba ujasiri haufundishiki mahali pasipo na la kuogopa. Nyanya mpole hufundisha mengi, lakini kwake mtoto hufuata ndizi. Kwa mzee mkali huenda akijua atafokewa. Itambidi aseme, "Guka, naomba mpira," asimame wima, asikilize hotuba kuhusu malezi ya siku hizi na bei ya unga wakati wa Mzee Kenyatta, kisha aulizwe ni mtoto wa nani. Hilo ndilo swali gumu, maana mzee alimjua baba yake akiwa na umri huohuo, na madirisha aliyovunja anayakumbuka moja moja. Huruma nayo huja kwa njia ya shughuli. Pesa za mpango wa serikali wa Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliotimiza miaka 70, huchelewa, na herufi za simu ni ndogo. Basi yule aliyefukuzwa juzi huitwa asome ujumbe ulioingia. Si pesa, ni kampuni ya kamari inayomwahidi mzee mamilioni. Mtoto anausoma tena kwa sauti, kisha mara ya tatu, ndipo anapong'amua kuwa makelele yote yale ni ya mtu asiyesikia vizuri, na kwamba ile mistari mitatu aliyoikanyaga ndiyo mboga ya wiki nzima.

Atakayesema haya ni ya kufikirika tu amkumbuke Kimani Maruge. Mwaka 2004, serikali ikiwa imefuta karo ya shule za msingi mwaka mmoja kabla, aliingia darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiyo, Eldoret, akiwa na miaka 84, amevaa kaptula na soksi ndefu. Aliwahi kupigana katika Mau Mau, na alitaka kusoma Biblia mwenyewe kwa sababu alimshuku mhubiri. Mtu anayemkagua mhubiri si jirani mwepesi. Hata hivyo, mwaka 2005 alikuwa kiranja mkuu wa shule iliyojaa watoto wa kuweza kuwa vitukuu vyake. Vurugu zilizofuata uchaguzi wa 2007 zilimng'oa Eldoret, akaendelea na masomo Nairobi hadi alipofariki 2009, akazikwa Subukia, hapa Nakuru. Kule Ndalat, Nandi, Priscilla Sitienei aliyeitwa Gogo, mkunga wa miaka mingi, alikaa darasani na watoto ambao baadhi yao aliwapokea walipozaliwa. Ni vigumu kumjibu vibaya mtu aliyekuona siku yako ya kwanza duniani, tena bila nguo.

Nitaambiwa ninausifu ukali, na kwamba wapo wazee wanaopiga watoto, au wenye hatari kubwa kuliko hiyo. Wapo, na hao si walimu. Hao ndio wa kupelekwa kwa chifu, tena mapema. Ninayemtetea hufoka mlango ukiwa wazi, huku mama anayefua bombani akisikia kila neno na, tuseme ukweli, akilifurahia. Bila masikio hayo ya jirani hoja yangu haisimami. Ndiyo maana fleti mpya zinanitia wasiwasi zaidi kuliko fimbo ya mzee. Huko mpira hurudishwa na askari wa geti, na mtoto hufikisha miaka kumi na miwili hajaulizwa na yeyote ni wa nani. Wazazi wake humlipia kambi ya likizo akafundishwe kujiamini. Mzee wa Kivumbini angemfundisha bure, ila mpira angeuzuia mpaka Jumamosi.