Mwenye Leso Hana Kauli

Tangu *Out of Africa* ya 1985 hadi *Die weiße Massai* ya 2005 na *Paradies: Liebe*, aliyoipeleka Ulrich Seidl Cannes mnamo 2012, bibi wa Kizungu katika filamu zinazoihusu nchi yetu, Kenya, amejaaliwa kila fursa: amelima kahawa, ameolewa na Msamburu, na hata uzeeni amenunua mahaba ufukweni; ilhali mwanamke mwenyeji, anayepitishwa nyuma ya minazi na leso zake mbili na ndoo kichwani, ni nadra kupewa jina, sembuse kauli. Basi wenye kamera hao, wakijaaliwa kufika ufuko wa Diani, tafadhali wasogee mpaka Msambweni wakawaombe akina mama wauza samaki wawapunguzie bei, wapate kauli za filamu tatu, bila malipo.