Sifa za Kiti cha Nne

Taj Mahal imesifiwa mpaka maneno yamekwisha, na kila anayetoka India hurudi na hadithi ya biriani. Kiti cha nne kimebaki bila wakili. Mabehewa ya daraja la pili ya treni za mjini Mumbai yana mabenchi yaliyopimwa kwa makalio ya watu watatu, lakini hukaliwa na wanne. Huyo wa nne hukaa upandeupande, tako moja juu ya benchi na jingine hewani, mguu mmoja kautoa njiani kama gogo la kuegemezea ukuta uliopinda, mkoba mapajani, kiganja kimeshika mgongo wa benchi la mbele. Treni ikilala kwenye kona, yeye ndiye wa kwanza kupata habari. Nafasi hiyo haina namba wala kibao, lakini kila mpanda treni mjini humo anaijua kwa jina hilohilo, na inaheshimiwa kuliko mabango mengi yaliyopigwa rangi.

Ninachodai ni kwamba kwa mtu anayerudi Mumbai kuwaona jamaa zake baada ya miaka mingi, mji huo hauna mapokezi bora kuliko kiti cha nne. Shada la maua shingoni hunyauka kabla teksi haijatoka uwanja wa ndege. Chakula cha usiku wa kwanza ni cha kuonyesha, kila mtu anajua. Shida ya anayerudi ni nyingine kabisa: pale alipokuwa hapapo tena. Aliyeondoka hudhani ameacha pengo, na hulitunza moyoni miaka ishirini kama hati ya kiwanja. Kumbe pengo lilizibwa mwezi uleule. Kabati liliwekwa, bibi arusi akaletwa, watoto wakazaliwa, na kwenye rafu alipokuwa akiweka vitabu vyake sasa kuna televisheni. Hata majina hayakumngoja. Bombay ikawa Mumbai mwaka 1995, stesheni kuu ya Victoria Terminus ikapewa jina jipya 1996 na kuongezewa neno 2017, na stesheni ya Elphinstone Road ikawa Prabhadevi 2018. Majengo yapo palepale, ila mgeni akiyataja anasikika kama mzee anayeuliza bei kwa shilingi za zamani. Sensa ya 2011 ilihesabu watu zaidi ya milioni 12.4 katika eneo la kilomita za mraba kama 600, na kaskazini mwa eneo hilo kuna hifadhi ya taifa wanamotembea chui. Ukipiga hesabu vizuri, chui wa Mumbai ana nafasi zaidi ya kupumua kuliko shangazi yeyote wa mtaa wa Dongri.

Katika mji kama huo hakuna anayeweza kumwekea mtu nafasi miaka ishirini, na anayedai aliwekewa anajidanganya. Hapo ndipo kiti cha nne kinapoonyesha ubora wake, kwa sababu hakiwekwi, huombwa. Maneno yake kwa Kimarathi ni mawili tu, jara sarka, yaani sogea kidogo. Tazama yanavyofanya kazi. Wale watatu hawainuki, hawatabasamu, hawamuulizi mwombaji katoka wapi. Wa dirishani hujibana ukutani, wa kati hukunja gazeti, wa tatu huvuta goti ndani. Kila mmoja amepoteza upana wa vidole vichache ambavyo hatavikumbuka akifika stesheni inayofuata, na hasara hizo tatu ndogo zimezaa mahali ambapo hapakuwapo. Simjui mhandisi anayeweza kutoa nafasi kwa gharama ndogo kiasi hicho.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayoendesha nyumba za jamaa. Wengi bado wanaishi katika chawl, zile nyumba ndefu za ghorofa zilizojaa enzi za viwanda vya nguo, kila familia chumba kimoja, baraza moja ndefu ya wote na vyoo vya kuchangia. Mgeni akiingia na masanduku yake mawili, hakuna anayehamishwa. Mtoto hulazwa kwa mapana badala ya marefu, kijana hutoa mkeka wake barazani, masanduku huingizwa chini ya kitanda juu ya masanduku mengine, na foleni ya choo ya alfajiri hupata mtu wa ziada. Aliyepewa chumba chake peke yake, taulo jeupe na ufunguo, huyo yuko hotelini hata kama mwenye hoteli ni mjomba wake. Waliosogea ndio waliompokea.

Na hapa kuna jambo linalowahusu wasomaji wa pwani yetu zaidi kuliko wengine. Meli kama Karanja na Kampala, zilizokuwa zikichukua abiria Bombay na kuwashusha Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, ziliacha njia hiyo katika miaka ya 1970, lakini jamaa hawakukatika. Wapo waliozaliwa Mombasa au Unguja, wakahamia Leicester au Toronto, na bado wana watu wa ukoo ng'ambo ile ya Mumbai. Mjukuu wa namna hiyo, anayejua Kiswahili na Kigujarati cha kubahatisha, akifika kwenye chumba cha chawl hukaribishwa na mama mwenye masharubu, maana kwa Kigujarati mama ni mjomba; kaka ni baba mdogo, na dada ni babu. Hata lugha imembania, amebaki na tako moja ndani ya kila neno. Afadhali ajue mapema kwamba mkao huo una jina na una heshima yake.

Tena kiti cha nne hakimwachi mtu alipo. Behewani ni kawaida mgeni kuulizwa na asiyemjua, utashuka wapi? Aliyezoea kwingine hudhani anapelelezwa. Haulizwi siri, bali nafasi yake inawekewa oda. Akishuka wa dirishani, benchi zima huteleza, wa nne huwa wa tatu, na mara moja yeye ndiye anayeombwa kusogea. Nyumbani nako huulizwa siku ya kwanza kabisa, unaondoka lini? Kwetu swali hilo likiulizwa kabla chai haijapoa ni sababu ya kununa mwaka mzima. Kwa falsafa ya kiti cha nne ni upangaji wa mikeka tu. Waswahili tumesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika behewa la wanawake jembe halisubiri hata dakika kumi. Huko kuna wanaotoka kazini wakimenya njegere na kuchambua mboga za usiku njiani, na mapaja ya wa nne, kwa kuwa yako karibu na njia, ndiyo meza. Anayewekewa ganda mapajani asilalamike. Ameshaandikishwa ukooni.

Wapo watakaopinga, na pingamizi la kwanza ni la mgongo. Nalikubali lote, mgongo unauma, na paja la upande wa benchi hufa ganzi. La pili ni zito. Litasema kwamba huku ni kusifia dhiki, na kwamba mwenye tumbo lililoshiba ndiye hutunga mashairi ya njaa. Treni hizi hubeba watu zaidi ya milioni 7 kwa siku, na saa za kazi waliosimama hufika 14 mpaka 16 katika mita moja ya mraba, kiwango ambacho watu wa reli ilibidi wakitafutie jina lake. Septemba 29, 2017, kwenye daraja la waenda kwa miguu la stesheni ya Elphinstone Road, watu 23 walikufa kwa kukanyagana. Sitawafunika hao kwa utani. Lakini angalia waliuawa na nini. Daraja lilikuwa jembamba na umati haukuwa na pa kutokea, na hiyo ni kazi ya wanaolipwa kujenga madaraja na kuongeza mabehewa, wala hakuna sifa ya benchi itakayowapunguzia deni. Kiti cha nne hakijawahi kudai kuwa sera ya usafiri. Huongeza mmoja juu ya watatu kisha kinasema basi, maana benchi halijui kiti cha tano. Wangekuwa na kipimo kama hicho waliouachia umati ule upande daraja moja, pengine tungekuwa tunazungumza mengine.

Pingamizi la tatu ni la wanaojua binadamu. Wanasema wale watatu hawasogei kwa wema. Wanasogea kwa kuwa kesho wao ndio watakaosimama. Ni kweli tupu, na ndiyo maana nakiamini kiti hicho. Wema hutegemea mtu ameamkaje. Hesabu ya kesho iko kazini kila asubuhi saa mbili, hata kwa walionuna. Jamaa aliyemsogezea mgeni mkeka kwa sababu naye ana mtoto anayetaka kwenda kusoma Leicester amefanya jambo la kudumu kuliko aliyelia machozi uwanja wa ndege. Wengine wataniambia kwamba tangu Desemba 25, 2017 kuna treni zenye kiyoyozi na milango inayojifunga, na nauli yake ya juu itaimaliza desturi hii. Huenda. Jamaa wenye kiyoyozi nao wana desturi yao, ya kukutaka upige simu kwanza.

Kwa hiyo wewe uliyekata tiketi ya kwenda kuwaona baada ya miaka yote hiyo, usisimame mlangoni ukingoja kukaribishwa, utapitwa. Asubuhi umati huelekea kusini na jioni hurudi kaskazini. Beba mkoba mdogo, ingia, mtafute wa tatu aliye na nafasi ya vidole vinne, useme maneno yako mawili. Mguu mmoja uuache njiani. Nauli ya kiti cha nne ni ileile ya dirishani.